Mtani wa Juu ya Mto

Maji ya bomba letu la uani, miaka ile, yalikuwa na rangi ya chai iliyolala. Ukikinga ndoo asubuhi ukaiacha itulie, jioni unakuta chini tope la kutosha kukandika banda la kuku. Tulikuwa tunachuja kwa khanga kuukuu, tunatia shabu, tunachemsha, na bado watoto wanaharisha. Na lawama zote zinaletwa kwangu, kwa sababu mume wangu alikuwa diwani. Kwenye foleni ya bomba wanawake wenzangu walikuwa wananiambia, "Mama diwani, mwambie mwenzio atuletee na sukari basi, chai imeshatoka." Mimi sikuzaliwa na ulimi wa kunyamaza. Nawajibu, nendeni mkamuulize huyo anayelima huko juu, mimi sikuuumba mto.

Maana kusema kweli, shida haikuwa Kariakoo. Maji yetu yanatoka Ruvu, na Ruvu inatoka milimani, Uluguru, na baina ya milima ile na bomba letu kuna mikoa mitatu na halmashauri zake, kila moja na mwenyekiti wake na mhuri wake. Wa juu analima bustani mpaka kwenye ukingo, mvua ikinyesha udongo wote unateremka. Wa kati ana ng'ombe na mpunga. Wa chini ndio sisi, tunakunywa kilichobaki. Halmashauri zilikuwa ndiyo kwanza zimerudishwa baada ya kuvunjwa, watu wana hamu ya kazi, basi zikakaa zikaunda kamati moja ya mto. Kila moja ikatoa diwani na mtaalamu wake. Wakawa wanakutana kwa zamu, mara Morogoro, mara Kibaha, mara hapa Dar, na wa kwetu alikuwa mume wangu.

Mume wangu alikuwa Mnyamwezi wa Kariakoo, yaani Unyamwezini kwenyewe hajawahi kukanyaga. Babu yake aliteremka pwani na mzigo wa Wazungu kichwani, akautua, akaoa, akabaki. Lugha ya kwao mume wangu hakuijua hata ya kuombea maji. Lakini utani aliushika kama dini. Na kwenye kamati ile, Mungu naye ana mambo yake, akakutana na Mluguru.

Wanyamwezi na Waluguru ni watani tangu zama za misafara, hilo kila mtu analijua. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mkweo, akaingia bandani akaondoka na jogoo wako, na wewe ucheke. Tusi la mtani halina kosa. Mwenye kosa ni anayekasirika.

Basi huyu Mluguru alikuwa diwani wa bonde moja huko juu kabisa, mto ukiwa bado mdogo, wa kuruka na khanga umeishika mkononi. Mrefu, mwembamba, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili, na mdomo Mungu aliompa, loo! Kamati ikikutana Dar, wenzake wanalala nyumba ya wageni, yeye anakuja kwetu. Anaingia na tenga la kabichi begani, anasimama ukumbini, anaita, "Punda yuko wapi? Punda wa Wazungu yuko wapi?" Mume wangu anajibu toka uani, "Jamani, mwenye mguu mmoja mfupi kaingia! Mpisheni, hajazoea sakafu ya kulala sawa!" Maana tuliambiwa Waluguru wote mguu mmoja mfupi, kwa sababu ya kuishi kwenye mteremko. Kisha yule bwana ananigeukia mimi, "Mke wangu, mbona umekonda? Huyu punda anakula mpaka sehemu yako?" Nami namwambia, ningekuwa mkeo ningekuwa nimekufa zamani kwa kula ndizi mbichi. Wapangaji wote wanatoka vyumbani kuja kusikiliza. Nyumba ile ilikuwa haichangamki kama siku anazokuja yeye, na mume wangu nilikuwa namwona anarudi kuwa kijana.

Mimi nilikuwa na meza ya mboga shimoni, chini ya jengo jipya la soko. Na mboga zangu zilikuwa zinatoka wapi? Bonde lile lile. Kulikuwa na mwanamke wa kwao aliyekuwa akinishushia karoti, kabichi, hoho na vitunguu vya majani, lori la milimani likifika tu nakimbilia mzigo wake. Kwa hiyo nilikuwa najua, kuliko hao wanakamati na mikoba yao, kwamba tope tunalolikinga kwenye ndoo na karoti tunazozikata kwenye pilau zinatoka shamba moja. Mji mzima ulikuwa unalaani bustani zile asubuhi na kuzila mchana. Niliwahi kumwambia mume wangu hivyo. Akasema, hilo ndilo kamati inaliangalia.

Siku moja kabla ya mkutano mkubwa, tulikuwa tunakula uani. Ilikuwa enzi ya unga wa njano wa msaada, ule uliokuwa ukikwama kooni, na dagaa, na mchicha nilioutia nazi ili watu wameze. Kulikuwa na wapangaji wawili watatu na jirani yetu wa ubavuni. Yule mtani alikuwa ametania toka alipoingia, kisha akatulia. Akasema, "Punda, kesho wataleta lile neno la kuondoa bustani kando ya mto."

"Wataleta," mume wangu akasema.

"Mimi silikatai. Tope lenu nimeliona, nimelinywa hapa kwako. Ila waseme tupewe kwanza mahali pengine penye maji, ndipo tung'oe. Kwanza tupewe, ndipo tung'oe. Nikisema mimi wataona naitetea sufuria ya mama yangu. Ukisema wewe mtu wa mjini, litapita."

Mume wangu akameza tonge, macho yanacheka. "Mkitolewa, njooni Dar mbebe magunia bandarini. Sisi tumebeba tangu babu zetu. Sasa zamu yenu!"

Tulicheka, jamani. Jirani alipaliwa mpaka akapigwa mgongoni. Na yule bwana akacheka pia. Kisha akanawa mkono, na chakula hakijaisha kwenye sahani yake, akasema kwa sauti ya chini, "Mtani, leo sitanii."

Mume wangu akanigeukia. "Mama, umesikia? Huyu mgonjwa. Mluguru asiyetania ana homa. Mletee klorokwini!"

Watu wakaangua kicheko upya. Mmoja wa wapangaji akaenda kweli chumbani akaja na vidonge, akavitia kiganjani mwa mgeni. Mgeni akavitazama, akatabasamu, akavitia mfukoni mwa shati. Angefanya nini? Angekasirika, amevunja utani. Angeomba mara ya tatu, tungecheka mara ya tatu. Kama angekuwa mgeni wa kawaida, mtu baki tu kutoka mkoa mwingine, mume wangu angemsikiliza na kichwa akainamisha, maana alikuwa mtu wa haki yule, Mungu anajua. Mtani alikosa kusikilizwa kwa sababu alikuwa wa ndani mno.

Kesho yake mkutano ulikaa asubuhi hadi alasiri. Mume wangu alirudi amechoka, amefurahi, shati limelowa jasho mgongoni. Wamekubaliana wote, wa juu, wa kati na wa chini. Bustani ziondoke ukingoni. Ng'ombe wa kati wawe na mahali pamoja pa kunyweshea. Sisi wa mjini tutoe mafundi na mabomba. Nikamuuliza, na kupewa mahali? Akasema hilo litaangaliwa baadaye, mtaalamu ameahidi. Nikamuuliza, na mtani yuko wapi, nimeshampikia. Akasema alikwenda moja kwa moja stendi, hakupitia hata kuchukua tenga lake. "Kanuna kiutani," akasema, akacheka kidogo. Tenga nikalitilia vitunguu.

Sitaki kusema uongo. Maji yakawa meupe. Haikuwa siku moja, masika ilibidi ipite, lakini yalitakata. Nilikinga ndoo nikaona kitako chake, nikaita wenzangu waje waone, tukasimama pale wanawake wazima tunaitazama ndoo. Watoto wakaacha kuharisha. Wale wale wa chai na sukari wakaanza kuniita mama diwani kwa heshima. Mume wangu aliitwa tawini kwenda kueleza jinsi mikoa mitatu ilivyoweza kukaa pamoja bila kugombana, na alieleza vizuri, na kila alichosema kilikuwa kweli.

Shimoni nako karoti za bonde lile zikapotea. Zikaja za Lushoto, ghali, zimesinyaa njiani. Yule mwanamke wangu simwoni. Nikadhani amepata mteja mwingine, nikamlaani moyoni kama ilivyo kawaida ya soko. Kisha siku moja huyo hapo, amesimama mbele ya meza yangu mikono mitupu. Amekuja Dar kutafuta kazi ya ndani. Nikamvuta kigoda akakaa. Akaniambia walikuja mgambo, wakawaambia wang'oe wenyewe kwa mikono yao, kabichi bado hazijafunga. Mahali walipoonyeshwa ni juu mgongoni pa mlima. Maji unayaona yanang'aa chini, ukiyafuata na ndoo umemaliza asubuhi. Wengine wamelima mahindi, yamekauka. Wengine wametawanyika.

Nikamuuliza diwani wao.

"Sio diwani tena yule. Walimkataa. Wanasema aliuza mto kwa mtani wake, akala pilau Kariakoo."

"Sasa anafanya nini?"

"Anabeba mizigo. Stendi ya Morogoro."

Mtume! Nilifunga meza mapema siku ile, nikapita Msimbazi hata salamu za watu sizisikii. Mume wangu nilimkuta anakula, nikamwambia pale pale, sikungoja anawe. Nilikuwa na hasira naye, na nilitaka aijue. Akaacha tonge mkononi.

"Alisema hatanii," akasema.

"Alisema."

"Mimi nikampa klorokwini."

Sikumwambia pole. Leo ningemwambia.

Tangu hapo alibadilika. Kwenye kamati akawa mtu wa neno moja: watu wa juu wapewe mahali penye maji. Walimjibu kwa adabu kwamba limefungwa, kisha kwamba lipo kwenye mipango, kisha kwamba mbona maji ya mji wako ni safi, mheshimiwa, unataka nini tena? Aliyekuwa akihubiri tawini umoja wa mikoa mitatu sasa alikuwa akisema uani kwamba sisi wa chini tumekubaliana na wa kati juu ya mgongo wa wa juu. Alilisema hilo hata kikaoni. Hawakumpenda tena sana.

Kwa mtani wake alituma salamu. Unajua alitumaje? Kwa matusi. Alimsimamisha dereva wa lori la milimani pale Mtaa wa Swahili, akamwambia, "Ukifika stendi ya Morogoro mtafute yule mguu mfupi. Mwambie punda wa Wazungu anamwita, na asipokuja nitamfuata nimnyoe kipara." Dereva akacheka, akaenda. Siku zile zote mume wangu alikuwa anaingia na kutoka kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Alikuwa anangoja tusi. Dereva aliporudi mume wangu alimfuata mwenyewe sokoni, nami nilikuwepo.

"Nimempata," dereva akasema. "Amesema asante kwa salamu. Na yeye anakusalimu sana wewe na mama."

"Asante?"

"Ndiyo, mzee. Asante."

"Hakusema kingine? Hakunitukana?"

Dereva akashangaa. Akasema hapana, yule ni mtu mpole sana.

Mume wangu akawa anapanga kwenda mwenyewe. Baada ya Ramadhani, akasema. Kisha baada ya mvua. Miguu ikaanza kumvimba, pumzi ikawa fupi, na mwishowe akalazwa kule hospitali kubwa, upande wa Upanga. Nilikuwa naenda kwa miguu na uji kwenye chupa ya chai, na kila nikifika swali lake ni moja: "Amekuja?" Nilikuwa namwambia atakuja. Siku moja akanishika mkono, akaniambia, "Mtani haachi msiba. Nikiwa hai anaweza kukataa, nikifa lazima aje. Atakuja tu. Na akinitukana, hata nikiwa nimefumba macho, ujue nimesikia." Nikamwambia aache maneno ya kufa. Lakini nilielewa anataka nini. Alitaka kusamehewa, na kwao wawili msamaha ulikuwa na sauti moja tu.

Alikata roho alasiri. Maziko yakapangwa kesho yake baada ya adhuhuri. Shemeji yangu alikwenda posta akapiga simu ofisi ya Chama kule Morogoro, wakampelekea habari stendi. Nilimwambia shemeji, yule bwana asipofika simtoi mtu ndani ya nyumba hii.

Asubuhi watani wa Kizaramo wa mtaani walishaanza kazi yao. Bibi mmoja alivaa koti la marehemu akatundika mkoba wake, akawa anazunguka kwenye majamvi, "Kamati imekaa! Nani kaleta posho?" Watu wanalia wanacheka. Ndoo za kumwoshea zilipitishwa mbele ya mlango wa chumba changu, nikachungulia. Maji meupe, kitako cha ndoo kinaonekana. Niligeuza uso ukutani.

Akafika. Nilisikia ukumbi umenyamaza, nikajua. Watu wote pale walikuwa wanamjua, na wote walikuwa wanamngoja. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, limepauka mabegani pale panapokaa mizigo. Akaja mpaka mlangoni pangu, akavua viatu, akachutama.

"Pole sana, mama. Poleni kwa msiba. Mungu ampumzishe kwa amani."

Nilimtazama. Nikasema kwa sauti, wote wasikie, "Umechelewa wewe mguu mfupi! Ulikuwa unatafuta mteremko?" Nilikuwa namsihi, mwenzangu. Nilikuwa namsihi kwa njia pekee iliyokuwepo.

"Basi lilisumbua kidogo njiani, mama," akasema. "Mtuwie radhi."

Hakukuwa na chuki usoni pake. Ningeiona ningefurahi, maana mwenye chuki bado ana neno na wewe. Alinisemesha vizuri, kama anavyosemeshwa mjane wa mtu yeyote. Kisha akainuka, akaenda akakaa kwenye jamvi na wageni wengine, magoti pamoja.

Jeneza likainuliwa. Sasa, kwa desturi, hapo ndipo pa mtani. Jeneza likifika mlango wa mbele, mtani analala kizingitini. Anasema haendi mtu, huyu ana deni langu, nipeni jogoo, nipeni shuka, huyu punda hatoki bure. Wanabishana naye, wanamvuta miguu, anatukana maiti na waliombeba, mpaka wampe chochote kile ndipo anaondoka. Na Wazaramo siku ile walijua huyu mlango si wao, una mwenyewe. Yule bibi alilivua koti akasogea pembeni.

Toka mlangoni pa chumba changu naiona korido yote hadi barabarani. Wabebaji walifika karibu na kizingiti wakapunguza mwendo. Kisha wakasimama kabisa, na jeneza mabegani, wanangoja wazuiwe. Shemeji yangu aligeuza shingo kumtafuta. Mimi nilikuwa nimekamata fremu ya mlango kwa mikono miwili, nasema moyoni, lala, baba, lala hapo chini, mtukane, mtukane tu mara moja, anasikia.

Yule bwana akainuka jamvini. Akaja mpaka mlangoni. Akatazama lile jeneza, akainamisha kichwa, akajibana ukutani kuwapa njia.

"Piteni," akasema.

Wakapita.